Leo Hakuna Kupiga Pasi

Kashindi, mwanangu,

Kama umenitii, na najua mara nyingi hunitii, boti imekwisha kupita Makobola na milima yetu iko nyuma yako. Kama hamjafika huko, kunja karatasi hizi uzirudishe mfukoni. Nakujua. Kila kitu unachosoma unaanzia ukurasa wa mwisho. Mara hii moja, anza mwanzo.

Naandika kwa mkono kwa sababu kompyuta, ile mashine yangu, si yangu tena. Iko chini kabisa ya begi lako, nimeifunga ndani ya kitenge changu cha buluu. Usianze kelele. Shuleni Lubumbashi watakutaka uwe na mashine yako, na mimi nilikuwa nagombana na wakubwa kwa kalamu kabla wewe hujazaliwa. Wataendelea kunisoma tu, hata mwandiko ukiwa mbaya. Hasira inasomeka.

Sitakuandikia habari ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala wasichana. Hayo umeyasikia mpaka masikio yakaota sugu. Nakuandikia juu ya neno moja ulilolisema Jumapili, mbele ya ugali na samaki wadogo wa ndagala, ukiwa na mkono hewani.

"Mama, minye nakuambia wazi. Nikisikia bantu ba Bwegera kule bondeni banaanza kukimbia vita, sipande boti. Sitaenda kusoma Lubumbashi na weye uko unakimbia peke yako na sufuria ku kichwa."

Nikakujibu: "Nani alikuambia nitakimbia na sufuria? Nitakimbia na vitabu."

Ulicheka, lakini hukurudisha neno lako. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, kwa sababu najua umetoka wapi na tabia ya kusema neno na kulikalia kama kiti. Umeitoa kwangu.

Basi sikiliza habari ya mama yako na kiti chake.

Ile hadithi ya mimi na lori unaijua. Umeisikia kwa bibi yako, aliyeipenda kuliko zote. Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma sheria, nimepanda lori la kwenda Bukavu na sanduku la mbao, nimeketi juu ya magunia ya mpunga. Tulipofika Kamanyola dereva akashuka kunywa, akarudi na habari: vita imeingia bondeni, nyuma yetu. Abiria wengine wakasema afadhali tumepita, twende. Mimi nikaruka chini. Nikatembea kurudi, kinyume na watu wote waliokuwa wanakimbia, na kila mtu niliyekutana naye aliniuliza kama nina wazimu. Nilijiona shujaa. Nilipoingia uani kwetu, miguu imevimba, nilimkuta bibi yako anafunga mizigo. Nilitegemea alie na kunikumbatia. Alivuta kamba ya mzigo ikakaza, kisha akasema:

"Umerudi kufanya nini? Kunionyesha barabara? Minye niko na miguu mibili, na akili iko. Sasa badala ya kukimbia na muntu mumoja, nakimbia na babili."

Hakutania. Nilikuwa mzigo wake wa mwisho, na mzito kuliko yote. Tulikimbia, tukapona, tukarudi, na nafasi yangu ya shule ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Yale niliyoyajua baadaye niliyajua kwa kusoma chochote nilichokipata: vitabu vilivyoachwa na mapadri, magazeti yaliyofungia maandazi, sheria za forodha zilizotupwa nyuma ya ofisi. Sikuandikii hivi ili unionee huruma. Huruma nimeikataa kwa watu wenye vyeo, sitaipokea kwako. Nakuandikia kwa sababu mtu akikuambia kwamba kurudi ni upendo, ujue mimi nilirudi, na aliyerudiwa hakufurahi.

Sasa tuje kwenye vita yangu na wewe, ile ya masasisho ya kompyuta.

Unakumbuka barua yangu ya wazi iliyosomwa redioni, ile ambayo wanafunzi wenzako wa mtaa wetu wa Kimanga waliiita "Mama Kashindi anatukana kompyuta"? Sijaifuta hata neno. Nilisema wanachimba mawe yetu milimani, wanayapeleka mbali, yanarudi kwetu yakiwa mashine zilizochoka, zenye vibandiko vya ofisi zilizozitupa. Tunazinunua kwa jasho. Halafu asubuhi moja mashine yenyewe inakuandikia kwa adabu: kuna sasisho, kubali. Nani amezungumza? Yuko wapi? Kwa nini mtu aliyekwisha kuniuzia kitu bado ana ufunguo wa nyumba yangu? Nilisema mashine yangu si koloni la mtu, na nusu ya Kimanga wakaacha kusasisha mashine zao kwa sababu yangu. Nilitembea njiani kama jenerali.

Wewe ulikuja jioni hiyo na mashine yangu mikononi, imechemka tumboni kama sahani ya uji.

"Mama, gusa hapa."

"Ni joto la Uvira."

"Joto la Uvira halizimi mashine kila ukisogeza waya. Ile programu ya chini kabisa, ile inayoamka kwanza na kuambia feni zunguka, kuambia batri pokea umeme kiasi hiki, iko na kosa. Bale benye kutengeneza mashine baliliona. Balitoa mizajuru, ndiyo hilo sasisho, ya kulirekebisha. Ni ya bure. Weye unakataa dawa juu humupendi mwenye duka."

"Na wakiweka kitu kingine ndani ya dawa?"

"Basi soma. Baliandika chini yake kile inachobadilisha. Weye unayesoma mpaka karatasi za maandazi, ile hukuisoma."

Hapo ulinishinda, na nilikuchukia kidogo. Nilikuwa nimepigana na kitu ambacho sikukisoma. Nimewasema wabunge kwa kosa hilo hilo, kwa majina, mara nyingi. Nikaisoma ile karatasi, maneno yake madogo kama mchanga, na ndani yake kulikuwa na sentensi moja kavu juu ya batri kuchemka. Wala hakuna mtu aliyeniomba radhi humo kwa mashine mbovu waliyoniuzia. Hilo nitawaandikia siku moja. Lakini nikakubali. Nikasema fanya.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye siku ambayo mimi na wewe hatuizungumzi.

Uliitayarisha kazi ile kama daktari. Ulipakua sasisho kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe, ukakataa lile ambalo rafiki yako alikuwa nalo kwenye flash. Batri yetu ilikuwa imekufa, na programu ilikataa kuanza bila batri yenye nguvu, basi ukaazima ya mwenye duka la dawa, ambaye mashine yake ni ndugu ya yangu, ingawa batri hiyo nayo imechoka, haikai dakika mbili bila waya. Kisha ukapita nyumba zote zinazokula umeme wa waya mmoja na sisi, ukigonga milango: leo hakuna kupiga pasi, hakuna kuwasha resho ya kupikia, mpaka niseme imekwisha. Maana pasi mbili zikiwaka pamoja kwenye waya wetu, umeme unaanguka mtaani, avenyu nzima.

Mama Riziki, jirani yetu wa ukuta mmoja, alitoka mlangoni na nguo zake za kanisa mkononi. "Sasa minye niende misa na mikunjo juu ya mashine ya mama yako?"

"Iko inazaa, Mama Riziki. Usiisumbue."

"Ikizaa mapacha, unipe mumoja."

Tangu hapo jina likabaki. Kila unaposasisha mashine ya mtu, avenyu inasema kwa Mama Kashindi wanazalisha, na pasi zinapoa. Watu ambao hawawezi kukubaliana juu ya bomba la maji wanakubaliana juu ya hilo. Nimehutubia mji huu kwa maisha yangu yote na sijapata utii wa namna hiyo hata siku moja.

Basi siku ile ya kwanza, mstari wa sasisho ulikuwa umefika karibu katikati ya kioo, na maandishi yanasema usizime mashine, risasi zikalia upande wa milimani. Nyingi, pamoja. Avenyu ikafunguka kama ngumi: watoto, mabeseni, kila mtu anashuka kuelekea ziwani. Nikakuita. Hukutoka. Nikaingia chumbani, nikakukuta umeketi mbele ya mashine, mikono juu ya magoti, hata huigusi.

"Kashindi, twende!"

"Iko kwa nusu, Mama. Nikiiacha umeme ukaanguka, inakufa. Tangulia. Nakuja."

"Twende nimesema!"

"Tangulia, Mama."

Ningeweza kukuvuta shati. Ningeweza kuketi nawe. Mimi nilifanya kitu kingine, na nilikifanya kwa akili yangu yote, si kwa kuchanganyikiwa. Niliweka kidole juu ya kile kitufe cha kuwashia, nikakibonyeza, nikakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Nilijua mashine inakufa. Niliiua ili usiwe na kitu cha kukungojesha. Nikakuambia: "Haya. Imekwisha. Sasa twende."

 Ulisimama ukanifuata mpaka ziwani, ukasimama kando yangu ndani ya maji mpaka magotini, ukitazama miguu yako. Baadaye tukaambiwa askari walikuwa wanamzika mkubwa wao na kumpigia risasi za heshima. Watu wakarudi wakicheka na kutukana. Wewe hukucheka.

Mashine ilikuwa inawasha taa yake ndogo na kuzungusha feni, lakini kioo kilibaki cheusi kama chungu. Haikukumbuka tena namna ya kuamka. Nilikuambia nilikuokoa. Ulinijibu kwa sauti ndogo, bila hasira, na ndiyo maana lilinichoma: "Mama, uliniamulia."

Nimelizunguka neno hilo kwa muda mrefu, nikitafuta mahali pa kulipiga, na sikupata. Maana maisha yangu yote nimeandika dhidi ya watu wanaoamulia wengine kwa jina la usalama wao. Na siku woga uliponishika, kidole changu kilikwenda pale pale ambapo vidole vyao huwa vinakwenda. Sijutii kukupenda. Lakini ule haukuwa upendo wote. Nusu yake ilikuwa amri.

Na wewe hukuninunia. Hilo nalo limenifundisha, ingawa umri wangu ni wa kufundisha. Ulimwandikia rafiki yako wa Bujumbura, akakutumia kile kibanio cha waya. Ukaifungua mashine mezani karibu na dirisha, ukanionyesha kijumba cheusi chenye miguu minane, kidogo kuliko punje ya mahindi. "Humo ndimo inakumbukia kuamka." Ukakibana, ukakiandika upya kutoka kwa mashine nyingine. Kabla ya kuanza, ulinitazama.

"Mama, leo weye si wa kukaa humu ndani. Enda ku avenyu. Uwaambie hakuna pasi. Na risasi zikilia, ukae kule kule."

Nikaenda. Mimi, ambaye makamanda wamenitumia watu wa kuninyamazisha nisinyamaze, niligonga milango kama mjumbe wa harusi: tafadhalini, hakuna pasi. Mama Riziki akapiga magoti kwa kucheka. "Leo mukunga amefukuzwa chumbani!" Na ulipotoka na mashine inawaka, kioo cheupe, sikuwa na hotuba. Uliona mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa nakuandikia juu ya leo. Soma polepole.

Mchana huu ulijifungia chumbani na mashine ya mwisho ya mteja wako wa mwisho, ukasema hutaondoka ukiacha kazi ya mtu nusu. Ukanituma avenyu kama kawaida: hakuna pasi, Mama, waambie. Nikatoka. Nilikuwa mlango wa tatu nilipomwona mama mdogo wako Feza anakuja kutoka barabara kuu, na kanga yenye udongo mpaka magotini, na sufuria kichwani. Ndiyo, sufuria. Ulikuwa sahihi juu ya sufuria.

Bwegera wamekimbia, Kashindi. Wote, na mashamba ya mpunga yakiwa yamekaribia kuvunwa. Mutarule pia wako njiani. Feza ni mzima. Miguu imechubuka, ulimi haujachubuka. Alitaka aje moja kwa moja kwetu, akuone, akuage. Nikamshika mkono, nikamwingiza kwa Mama Riziki.

"Dada, nini tena?"

"Kashindi asikuone."

"Nimekimbia risasi toka Bwegera, sasa ninakimbia mutoto wa dada yangu?"

"Akikuona, kesho hapandi boti."

 Yeye ndiye aliyenipokea njiani siku ile niliporudi kutoka Kamanyola, akiwa mtoto, na ndiye aliyesikia maneno ya bibi yako. Akatua sufuria. Akasema: "Basi aende. Lakini ujue minye nitakuwa naimba humu ndani kwa sauti ndogo, juu siwezi kukaa kimya kama weye unavyofikiri."

Kisha nikaendelea na milango yangu, na kila mlango nikasema mambo mawili: leo hakuna pasi, na mpaka kesho boti itoke, mtu asimwambie Kashindi habari ya bondeni. Kila nyumba ilikuwa imekwisha kujua. Wengine walikuwa wanafunga mizigo yao. Nilitegemea wanikatalie, maana si jambo dogo kumwomba mtu anayejitayarisha kukimbia anyamaze kwa ajili ya mtoto wako. Baba wa nyumba ya kona, yule niliyemtukana redioni juu ya bomba la maji, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani weye, Mama Kashindi, unatuomba tufiche habari?"

"Ndiyo."

"Nitaikumbuka siku hii mpaka nife." Akafunga mlango, na nikamsikia ndani anawaambia watoto wake: "Kwa Kashindi, kimya."

Redio yetu haikuishiwa mawe ya batri. Niliyatoa mimi. Na mtandao wa simu uliokatika tangu juzi, hilo si langu. Ni mara ya kwanza maishani naishukuru kampuni ya simu kwa kazi yake mbovu. Kesho nitakusindikiza mpaka bandarini Kalundu nikiongea bila kupumua, na utafikiri ni tabia yangu. Nitakuwa naongea ili mtu mwingine asipate nafasi ya kusema neno. Ndani ya boti utasikia, najua. Lakini boti haigeuki kwa ajili ya mtu mmoja.

Utasema: Mama, umeniamulia tena. Nimeketi na swali hilo tangu mchana, na nakujibu kama ninavyomjibu adui ninayemheshimu. Hapana. Kwenda Lubumbashi uliamua wewe. Uliomba nafasi wewe, ukafanya mtihani wewe, ukachagua boti wewe. Ulianza mwenyewe, na sasa uko nusu. Kazi yangu leo ilikuwa kukaa nje na kuzuia pasi za watu. Siku ile niliingia chumbani nikabonyeza kitufe, leo sikuingia. Kama kuna dhambi kwenye kimya hiki, ni yangu na ya avenyu nzima, na tutaibeba tukiwa wengi.

Kama bado unaona nimekosea, niandikie na unishambulie. Usinihurumie. Nitajibu.

Juu yangu na Feza: tuna miguu minne, na ya kwangu ina mazoezi. Mpaka uko karibu, na tukilazimika tutavuka Kavimvira pamoja na Mama Riziki na mikunjo yake. Usishuke bandari ya Baraka. Usishuke popote kabla ya Kalemie, boti inakoishia. Mtu asikuambie boti fulani inarudi Uvira kesho. Sikungoji, Kashindi. Nisikie vizuri, nimeandika kwa herufi kubwa moyoni: ukirudi sasa, utanikuta uani nafunga mizigo, na utanisikia nikisema maneno ya bibi yako, na sitakuwa natania.

Nasikia kiti chako kinasogea. Umetoka chumbani, unajinyoosha, umesema kupitia pazia: "Imekwisha, Mama. Waambie wapige pasi."

Nimekujibu, "Nitawaambia."

Sijawaambia. Siku nitakaposikia umefika, nitawatafuta wote, popote watakapokuwa wamekimbilia, mmoja mmoja, hata yule wa nyumba ya kona. Nitawaambia imekwisha. Washeni pasi zenu.

Mama yako